Naolewa na Esposito: jina hili la ukoo limetoka wapi?

Binti_Salerno

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Italia ya kusini, mji wa Salerno, na Mungu akijalia mwakani nafunga ndoa na kijana wa huku. Jina lake la ukoo ni Esposito. Mtu anayeolewa ana haki ya kujua anaingia kwa nani, basi Jumapili tukiwa mezani nikauliza: nyie Esposito asili yenu wapi? Mama mkwe akasema ni jina la Napoli, wapo wengi. Baba mkwe akainuka kwenda jikoni kuangalia kahawa. Shemeji mdogo akacheka, akasema, "Sisi ni watoto wa Madonna," dada yake akamfinya chini ya meza.

Nikaingia mtandaoni, nikazidi kuchanganyikiwa. Kuna duka linauza nembo ya ukoo wa Esposito: ngao yenye simba na mnara, imechapishwa kwenye karatasi ya mtindo wa kale, na maelezo kwamba walikuwa makabaila. Nimeipenda, nilitaka iwe zawadi ya Krismasi ya baba mkwe. Ukurasa wa pili nao unasema jina hili walipewa watoto waliotupwa. Sasa kabaila na mtoto wa kutupwa wamekutana wapi?

Naomba mnaojua mnisaidie. Asili ya kweli ni ipi? Kuna watu mashuhuri wenye jina hili, na je, familia ninayoingia ina undugu nao? Msinitanie sana, presha ya harusi inanitosha.

Mpira_Kwanza

Dada, hongera. Historia nawaachia wenyewe, mimi naongelea mpira. Kati ya hapo ulipo na Napoli kuna mji wa Castellammare di Stabia. Huko wametoka ndugu watatu Esposito, baba mmoja mama mmoja, wote wanasakata kabumbu la kulipwa: Salvatore wa 2000, Sebastiano wa 2002 na Francesco Pio wa 2005. Sebastiano aliingizwa na Inter kwenye Europa League Machi 2019 akiwa na miaka 16. Desemba mwaka huo wanacheza na Genoa, ikapatikana penalti. Lukaku ndiye mpigaji, lakini akamwachia dogo mpira. Dogo akaweka nyavuni, mechi ikaisha 4-0. Mdogo wao Pio alianza kuichezea timu ya taifa ya Italia mwaka 2025.

Kama mchumba wako ni binamu yao, naomba jezi tu, sitaki makubwa.

Bi_Forcella

Mwanangu Binti_Salerno, hongera sana. Mimi nakaa Forcella, Napoli ya zamani, miaka mingi sasa. Nikienda sokoni napita mbele ya jengo ambalo jina la mchumba wako limetokea, kwa hiyo acha nikueleze taratibu.

Jengo linaitwa Annunziata. Ni kanisa, na ubavuni mwake palikuwa na hospitali na nyumba ya kulelea watoto. Kazi hiyo ilianza karne ya 14, wafalme wa ukoo wa Anjou wakiwa ndio watawala wa Napoli. Kwenye ukuta wa nje, upande wa barabarani, kuna tundu. Ukiwa na haraka utadhani ni dirisha dogo lililozibwa. Nyuma ya tundu hilo palikuwa na pipa la mbao lililosimamishwa wima, limeachwa wazi upande mmoja, linazunguka kwenye mhimili. Mtu anakuja usiku, anamlaza mtoto ndani ya pipa, analisukuma. Ule upande wa wazi unageukia ndani, kengele inagongwa, na mlinzi wa zamu anampokea mtoto bila kuuona uso wa aliyemleta. Waitaliano wanaliita *ruota*, gurudumu. Hili la Napoli lilifungwa mwaka 1875. Upande wa ndani bado unaweza kuingia ukaliona, na ukisimama pale utashangaa udogo wa nafasi yenyewe. Mtoto wa miezi michache tu hapo ameshajaa.

Mtoto akishapokelewa anasafishwa, anabatizwa, anaandikwa. Na hapa, mwanangu, ndipo panaponishika kuliko penginepo. Karani hakuwa na jina la baba wala la mama wa kuandika, basi akaandika kila kitu kingine: saa aliyofika mtoto, umri wa kukadiria, alivyovishwa, kama ana kovu au alama mwilini, na alichokuja nacho. Wengine walikuja na medali iliyokatwa nusu, au kipande cha utepe, au picha ya mtakatifu iliyochanwa katikati. Nusu ya pili alibaki nayo mama. Siku akirudi, hata miaka ikipita, anatoa nusu yake, inalinganishwa na iliyohifadhiwa, zikikutana anapewa mwanawe. Mtoto mwenyewe alivishwa shingoni kidude cha madini ya risasi chenye alama ya nyumba, asije akabadilishwa na mwingine huko kwa mnyonyeshaji.

Kwa hiyo usikubali mtu akwambie hawa wote walikuwa watoto wa "wasichana walioharibikiwa". Wamo, tena wengi. Ila wamo pia watoto wa ndoa halali, wa baba na mama waliokuwa na wengine watano nyumbani na mwaka mbaya, au mama ambaye maziwa yamekauka na hela ya kumlipa mwanamke wa kumnyonyeshea hana. Anayekata medali nusu hakukusudia kutupa. Aliweka rehani.

Sasa jina. Kilatini cha makarani kilimwita mtoto wa namna hii *expositus*, aliyewekwa nje. Ilikuwa maelezo ya hali yake, kama leo unavyojaza fomu "hajaoa". Baadaye maelezo yakageuka ubini, na ubini wa baba ukawa wa watoto na wajukuu. Watoto wawili waliopokelewa usiku mmoja, mmoja wa mvuvi wa bandarini na mwingine wa mfuaji nguo wa vilimani, asubuhi wote ni Esposito na hawana tone moja la damu ya pamoja.

Ndiyo maana nakwambia ukoo wa Esposito haupo. Zipo familia za Esposito, nyingi mno, kila moja na mwanzo wake. Jina hili ni la kwanza kwa wingi Napoli, na Italia nzima limo kwenye yale ya juu kabisa. Huwezi kuzikusanya nyumba zote hizo chini ya simba mmoja na mnara mmoja. Duka lile linachapisha ngao na kubadilisha jina tu hapo chini. Mnunulie baba mkwe kofia.

Na huyo shemeji mdogo aliyefinywa, mwambie bibi wa Forcella anamuunga mkono. "Watoto wa Madonna" ndivyo walivyoitwa waliolelewa Annunziata, kwa sababu nyumba ilikuwa chini ya jina la Bikira Maria. Mtu asiyejulikana baba yake angeweza kuitwa maneno mabaya zaidi. Sisemi kwamba maisha yalikuwa matamu. Watoto walikuwa wengi kuliko wanyonyeshaji, magonjwa yalipita vyumbani, na wengi hawakufika mwaka. Waliopona, wavulana walipelekwa kujifunza ufundi. Wasichana wengi walibaki ndani, na akipatikana mwanamume wa kuoa, nyumba ilimpa binti fedha za kuanzia maisha. Watu wa hapa wanasimulia kwamba wanaume walikuja kuchagua siku ya sikukuu, na aliyempenda binti alimrushia leso. Mimi leso hiyo siiamini sana, ni tamu mno, lakini fedha za ndoa ni kweli.

Kitu kingine muhimu kwako. Katika enzi ya Joachim Murat, yule shemeji yake Napoleon aliyetawala Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, watoto wa gurudumu wakakatazwa kupewa jina Esposito, maana lilikuwa linawaandama maisha yao yote. Kuanzia hapo makarani wakabuni majina mengine, kila mtoto lake. Ukilipigia hesabu: familia ya Napoli inayoitwa Esposito leo, kwa kawaida mtoto wao wa gurudumu aliishi kabla ya Murat, miaka mia mbili na zaidi iliyopita. Baba mkwe wako anaionea haya habari ya babu wa babu wa babu yake.

Mashuhuri uliouliza. Napoli wa kwanza kuonyeshwa ni mpishi, Raffaele Esposito. Inasemwa kwamba Juni 1889 aliitwa kumpikia piza Malkia Margherita, mke wa Mfalme Umberto I, na ile ya nyanya, mozzarella na majani ya rehani, rangi za bendera, ndiyo malkia aliyoipenda, ikachukua jina lake. Mgahawa wenyewe upo, Brandi, na kibao cha ukumbusho ukutani. Wanahistoria wameitilia shaka barua ya ikulu inayoonyeshwa pale, na mchanganyiko ule wa juu ya piza ulikuwepo Napoli kabla malkia hajafika. Mimi naona hivi: kubuni hakubuni, ila alijua kuuza. Jina la mpishi limebaki kwa miaka zaidi ya 130, na wapishi wa wafalme wangapi unawajua kwa jina?

Mwingine ni Roberto Esposito, mwanafalsafa wa hapa hapa Napoli, wa 1950. Ameandika sana juu ya maana ya jumuiya, ya kuwa na kitu cha pamoja na mtu asiye ndugu yako. Siwezi kuacha kutabasamu nikilitazama jina la mwandishi.

Na nimekuwekea mmoja wa mwisho, kwa ajili ya watoto utakaowazaa: Giancarlo Esposito, mwigizaji wa Marekani. Baba yake ni mtu wa Napoli, mama yake mwimbaji wa opera, Mmarekani mweusi wa Alabama, naye mtoto akazaliwa Copenhagen mwaka 1958. Wengi mnamjua kwa sura ya Gus Fring wa tamthilia ya Breaking Bad, yule muuza kuku mpole mwenye mambo mazito nyuma ya pazia. Esposito mweusi tayari yupo, na ni fundi wa kazi yake. Mwanao hatakuwa wa kwanza.

Mpira_Kwanza

Kumbe Gus Fring ni mtu wa Napoli! Bi Mkubwa, shikamoo.

Bi_Forcella

Marahaba mwanangu. Jezi utaipata kwa nguvu zako.

Fundi_Lambrate

Nimesoma yote. Naongezea ya kaskazini, maana jambo hili si la Napoli peke yake. Kila mji mkubwa wa Italia ulikuwa na nyumba ya watoto na kila nyumba ikazaa jina lake. Ukishajua majina haya, unaona mtu katoka wapi kabla hajafungua mdomo.

Mimi nipo Milano, natengeneza pikipiki. Huku jina ni Colombo. Ospedale Maggiore, hospitali kuu iliyoanzishwa na Francesco Sforza mwaka 1456, nembo yake ni njiwa, *colomba*. Watoto waliopokelewa wakaandikwa Colombo, na utaratibu huo ukasitishwa mwaka 1825. Jengo la zamani la hospitali ukilitafuta leo utakuta wanafunzi, ni chuo kikuu cha serikali.

Hapa lazima niweke breki. Si kila Colombo ni mtoto wa hospitali. Colombo lilikuwa pia jina la kawaida la mtu, na ubini mwingi umetokana na jina la babu. Kuna watu wanamtaja Cristoforo Colombo kwenye habari hii. Baharia yule ni mtoto wa mfumaji wa Genova, alizaliwa 1451, hospitali ya Milano ikaanzishwa miaka mitano baadaye. Mahesabu yanakataa yenyewe. Sisi mafundi Colombo wetu ni Gioacchino, aliyechora injini ya V12 ya kwanza ya Ferrari. Hiyo injini ukiisikia ikiwaka asubuhi ya baridi unasahau kuuliza ukoo.

Firenze jina ni Innocenti, na jamaa zake Nocenti na Nocentini. Linatokana na Ospedale degli Innocenti. Filippo Brunelleschi ndiye aliyechora jengo, ujenzi ulianza 1419, na mtoto wa kwanza alipokelewa Februari 1445, msichana. Alifika siku ya Mtakatifu Agata, wakamwita Agata Smeralda. Mbele ya jengo, juu ya nguzo, kuna sahani za kauri za Andrea della Robbia, rangi ya bluu, kila moja ina kichanga kilichofungwa vitambaa kuanzia kifuani kwenda chini, mikono imefunguliwa. Ukiangalia vizuri vitambaa havifanani, kuna mtoto ambaye vyake vimeanza kulegea na kuanguka.

Sasa nije kwangu. Ferdinando Innocenti, mtu wa Pescia, Toscana, alizaliwa 1891. Utajiri wake ulianzia kwenye mabomba ya chuma ya kuunganisha kwa vibano, yale mafundi ujenzi wanayopanda kufika ghorofani. Mpaka leo kwenye saiti za Italia bomba hilo linaitwa tu "bomba la Innocenti". Baada ya vita kiwanda chake cha Lambrate kikatoa skuta ya Lambretta, 1947, na mpinzani wake akawa Vespa. Lambrate ndio mtaa wenyewe, mto unaopita hapo ni Lambro, ndiyo asili ya Lambretta. Karakana yangu ipo mwendo wa miguu kutoka kilipokuwa kiwanda, na Lambretta za miaka ya 1950 bado zinaletwa. Gia za mkononi, waya wa klachi umekaza, lakini bodi ni chuma haswa, si hizi plastiki za sasa.

Wapenda baiskeli nao wana Rinaldo Nocentini, aliyevaa jezi ya njano ya Tour de France kwa siku kadhaa mwaka 2009.

Mdau_wa_Trastevere

Roma msitusahau. Huku ni Proietti, kutoka neno la Kilatini la mtu "aliyetupwa mbele". Watoto walipokelewa hospitali ya Santo Spirito, hatua chache kutoka Vatikano. Simulizi yake inatisha: Papa Innocent III aliona wavuvi wa mto Tiber wakivuta nyavu zenye maiti za vichanga, ndipo akaamua hospitali ipokee watoto. Kama ni kweli au ni picha za ukutani tu, kila mtu na lake, ila michoro ya ukutani kuhusu kisa hicho ipo ndani ya hospitali hiyo.

Mashuhuri wetu ni Gigi Proietti, mwigizaji na mchekeshaji. Alizaliwa tarehe 2 Novemba 1940, akafariki tarehe 2 Novemba 2020, siku aliyotimiza miaka 80. Na tarehe hiyo kwa Wakatoliki ni siku ya kuwaombea marehemu. Yeye mwenyewe alikuwa akiifanyia utani. Roma nzima ililia.

Sicilia utakuta Trovato, yaani "kaokotwa". Bologna wana Degli Esposti, alikotoka mwigizaji Piera Degli Esposti. Hispania nao Expósito.

Mkweli_Daima

Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa. Historia nzuri, tumeielewa, lakini mwisho wa siku jina linasema "katupwa". Nisingekubali mwanangu alibebe. Dada, mwambie mchumba wako abadilishe kabla ya harusi, iishe.

Bi_Forcella

Mkweli, nimekusikia. Kwanza sheria: Italia hubadilishi jina la ukoo kwa kwenda dirishani. Unaomba kwa Prefettura, ofisi ya serikali kuu mkoani, unaeleza sababu, ombi linabandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha unasubiri. Waliokuwa na majina ya kuwadhalilisha wamekubaliwa, ni kweli.

Lakini nenda Napoli uite "Esposito!" katikati ya barabara uone wangapi watageuka. Mwanasheria, dereva wa basi, daktari wa meno wa mjukuu wangu. Nani atamcheka nani? Murat alilifuta jina kwa sababu wakati ule aliyelibeba ndiye aliyetupwa mwenyewe, na mwajiri akilisikia alijua. Leo aliyelibeba kalipokea kwa baba yake, aliyelipokea kwa baba yake. Hakuna mtoto wa ukoo wenye miaka mia mbili ya baba kwa mwana anayeweza kuambiwa hana kwao.

Tena kuna waliovuka nalo bahari na wala hawakulivua. Phil na Tony Esposito, ndugu wa Sault Ste. Marie, Kanada, mchezo wao magongo ya barafuni. Phil msimu wa 1970-71 alifunga mabao 76 akiwa na Boston, rekodi iliyosimama zaidi ya miaka kumi mpaka Wayne Gretzky alipoivunja. Tony alikuwa golikipa wa Chicago, na msimu wa 1969-70 alimaliza mechi 15 bila kufungwa hata bao. Kaka anafunga, mdogo anazuia, na walipokutana uwanjani sijui mama yao alikaa upande gani. Mgongoni jina moja. Naona halikuwazuia kitu.

Mkweli_Daima

Sawa Bi Mkubwa, nimekuachia. Ila mimi bado nisingelichagua.

Binti_Salerno

Jamani nimesoma huku natokwa machozi na kucheka. Ngao nimeifuta kwenye kikapu cha manunuzi. Bi Forcella, Mungu akuweke.

Nimempigia mchumba, nikamsomea ile ya medali nusu. Akanyamaza, halafu akasema bibi yake aliwahi kumwambia, ila baba hapendi. Sasa yeye mwenyewe anataka kutafuta, ana hamu kuliko mimi. Nina mawili. Moja, nikiolewa mimi nitaitwa Esposito? Mkweli_Daima amenitia wasiwasi kuhusu mtoto pia. Pili, tunaanzia wapi kumtafuta huyo wa kwanza?

Bi_Forcella

La kwanza ni jepesi. Italia mwanamke haachi jina lake kwa sababu ya ndoa. Kitambulisho, benki, hospitali, kote utaendelea na jina la baba yako. Mtoto ndiye mambo yamebadilika: mwaka 2022 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba jina la baba peke yake si lazima tena. Kwa kawaida mtoto sasa anapata majina ya wazazi wote wawili, kwa mpangilio mtakaokubaliana, au moja tu mkikubaliana liwe moja. Kwa hiyo kaeni mzungumze mapema, msije mkabishania jambo hilo hospitalini mtoto ana siku mbili.

La pili lina kazi, lakini bahati yenu kusini nyaraka ni nzuri. Ufalme wa Napoli ulianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini mwaka 1809, kwa mtindo wa Wafaransa. Sehemu kubwa ya madaftari imepigwa picha na kuwekwa bure kwenye tovuti ya nyaraka za taifa inayoitwa Antenati. Usianze kwa kutafuta "Esposito Napoli", utazama. Anza na babu yake mchumba: alizaliwa manispaa gani, lini. Pata cheti, upate wazazi wake, upande ngazi moja moja. Usiruke hata moja, maana kwa jina hili ukikosea mtu mmoja umeingia familia ya watu wengine na hutajua.

Siri ambayo watu hawaambiwi ipo kwenye ndoa. Tafuteni madaftari yanayoitwa *processetti*, ni viambatanisho vya ndoa. Bwana harusi wa wakati ule alitakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, na kama baba yake amefariki, alete cheti cha kifo cha baba, na mara nyingi cha babu pia. Yaani mtu aliyeoa mwaka 1820 anaweza kukuletea babu aliyezaliwa katikati ya karne ya 18, wote kwenye bahasha moja.

Kwenye vyeti vya watoto wa gurudumu badala ya majina ya wazazi mtakuta *genitori ignoti* au *padri incogniti*, wazazi wasiojulikana. Katika miji midogo aliyemleta mtoto manispaa ni mwanamke aliyeajiriwa kupokea, na mara nyingi jina lake limeandikwa pale, pamoja na nguo alizokutwa nazo mtoto. Vizazi vya namna hiyo wakati mwingine havipo kwenye daftari la kawaida, vipo kwenye la *diversi*, mambo mbalimbali. Wengi wanalipita. Mkifika kabla ya 1809 mnahamia kwenye vitabu vya parokia, na kama njia inaelekea Annunziata, madaftari yake ya watoto yamehifadhiwa hapa hapa Napoli.

Mkikwama kwenye mwandiko wekeni picha hapa, ila futeni majina ya walio hai. Mikono ya makarani wa miaka ya 1810 nimeizoea. Wanaonishinda ni wale wa 1840, waliandika kama wanakimbizwa.